Maswali ya Wasomaji: Lori linalopanda mlima alfajiri na kuchoka mchana

SWALI: Ndugu Fundi, ninaendesha lori la tani 10 la tajiri mmoja wa hapa Uyole, Mbeya. Injini yake ni ya silinda 6, lita 7.5, haina tabo ya kuisukumia hewa wala kompyuta, na pampu yake ya dizeli ni ile ndefu ya zamani. Kwa miaka minne nimekuwa nikipeleka mbao Dar es Salaam na kurudi na saruji au mabati, na kuna jambo linalojirudia kila safari. Nikilala Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda Kitonga saa kumi na moja alfajiri, lori linapanda sehemu kubwa ya mlima kwa gia ya tatu. Nikifika hapo saa nane mchana, baada ya kutembea juani tangu Morogoro, mzigo ni uleule lakini gia ya tatu inakataa na ninaishia kwenye ya pili. Utingo wangu anasema injini ya dizeli huwa na nguvu zaidi ikiwa baridi. Tajiri anasema mimi nina uvivu wa mchana. Nani yuko sahihi? Na kama baridi ndiyo nguvu, mbona huku kwetu Mbeya, ambako asubuhi za Juni na Julai mtu hatoki bila koti, lori hilohilo linatoa moshi mweusi na kuchoka kuliko linavyofanya Pwani?

Dereva wa Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu Dereva, macho ya utingo wako yameona sawasawa, ila jina alilolipa tatizo si lenyewe. Tuanze na swali ambalo wengi hawajiulizi: je, injini yako huwa baridi kweli unapoanza kupanda Kitonga alfajiri? Umewasha, umesubiri upepo wa breki ujae, umetoka Mbuyuni na kutembea kilomita kadhaa hadi miguuni mwa mlima. Hapo maji ya injini yamekwisha kufika nyuzijoto 80 au zaidi, na temostati, yaani kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kwa kufuata joto lake, itayashikilia karibu na hapo iwe alfajiri iwe adhuhuri, mradi rejeta ni nzima. Injini, kwa maana ya chuma, pistoni na oili, ina joto linalokaribiana nyakati zote mbili. Vilivyobadilika ni vitu viwili vinavyoingia ndani yake, yaani hewa na dizeli, na kila kimoja kina hesabu yake.

Hewa inapopata joto hutanuka, na ikitanuka, kiasi kilekile cha nafasi hubeba hewa yenye uzito mdogo zaidi. Pale Mbuyuni, tukichukua alfajiri yenye nyuzi 20 na mchana wenye nyuzi 36, tofauti ya uzito wa hewa katika kila lita ni karibu asilimia 5. Injini isiyo na tabo haina namna ya kujiongezea hewa, kwa sababu huvuta kile ambacho silinda zake zinaweza kumeza kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa, yaani mara moja kwa kila mizunguko miwili. Injini ya lita 7.5 ikizunguka mara 2,500 kwa dakika humeza takriban mita 8 za ujazo za hewa katika dakika hiyo moja. Katika joto la nyuzi 32 usawa wa bahari, hewa hiyo ina uzito wa kama kilo 9.2, katika nyuzi 22 mahali palepale inakaribia kilo 9.6.

Hapa lazima niweke tahadhari, kwa sababu maelezo haya ya hewa husimuliwa mno na mara nyingi husimuliwa kana kwamba injini ya dizeli ni ya petroli. Injini ya petroli hupunguziwa na kuongezewa hewa kwa mguu wa dereva, na mafuta hufuata hewa. Ya dizeli huvuta hewa yote inayoweza kuvuta wakati wote, na mguu wako huamua kiasi cha dizeli tu. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini kwa kuwa dizeli hurushwa ndani ya silinda dakika ya mwisho na haina muda wa kuchanganyika vizuri, watengenezaji huweka pampu itoe mafuta machache kuliko hewa inavyoweza kuunguza, ili ibaki ziada. Kwa hiyo unapotembea tambarare kwa nusu ya mguu, hewa nzito ya alfajiri haikuongezei chochote, kwa kuwa ziada ipo tele. Faida huonekana pale tu unapokanyaga hadi mwisho huku mzigo ukiilemea injini, kama kwenye Kitonga, na hata hapo faida ya hewa peke yake, pampu ikiwa inatoa dizeli ileile, ni mafuta kuungua vizuri zaidi na moshi kupungua. Asilimia 5 ya hewa haileti asilimia 5 kamili ya nguvu.

Basi iliyobaki inatoka wapi? Inatoka kwenye dizeli yenyewe, na hapa ningeomba tajiri naye asome, kwa sababu ndipo penye fedha yake.

Pampu yako ina plunja sita zilizopangwa mstari mmoja, kila plunja na silinda yake. Plunja haipimi dizeli kwa kilo, hupima kwa ujazo: kila inapopanda husukuma matone ya ujazo fulani, na ujazo huo haubadiliki dizeli iwe baridi au ya moto. Lakini nguvu iko katika uzito wa dizeli inayoungua. Dizeli hutanuka kwa takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya joto, kiasi kinachoonekana kidogo hadi ukizidishe kwa safari nzima. Alfajiri dizeli iliyolala tangini ina nyuzi 20 hivi. Mchana imepigwa na jua na joto la lami, imepita kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, na sehemu yake isiyotumika imerudi tangini kupitia bomba la ritani ikiwa na joto ililoliokota huko, kisha ikavutwa tena, ikarudi tena. Ikifika pampuni na nyuzi 60, tofauti ya nyuzi 40 ni zaidi ya asilimia 3 ya mafuta iliyopotea bila mtu kugusa mguu wake. Tangi likiwa karibu kwisha hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu dizeli chache iliyobaki ndiyo inayozungushwa mara nyingi na kupashwa moto.

Asilimia hizo ni za pampu mpya. Pampu iliyochakaa ina hasara ya pili, na naamini ndiyo inayokusumbua zaidi. Plunja na kikombe chake, ambavyo mafundi wa pampu huviita kwa pamoja elementi, havina ringi wala mpira wa kuzuia mvujo. Kinachozuia dizeli isirudi nyuma ni ule ukaribu wa chuma na chuma, pengo la maikroni chache, wakati unywele wa kichwani una maikroni 70 hivi. Dizeli nzito hupita kwa shida katika pengo hilo na dizeli nyepesi hupita kwa urahisi. Ukiipasha dizeli kutoka nyuzi 40 hadi 80, uzito wake wa kutiririka hupungua hadi karibu nusu, maana yake mvujo kwenye elementi huongezeka karibu mara mbili. Katika elementi mpya, mara mbili ya kitu kidogo sana bado ni kidogo. Lakini mvujo hukua pamoja na pengo kwa namna ya kutisha: pengo likiongezeka mara mbili, mvujo huongezeka mara nane. Chukua elementi iliyolika kiasi hicho, kisha uipe dizeli ya moto, na mvujo wake utakuwa mara 16 ya ule wa elementi mpya yenye dizeli ya vuguvugu. Mafuta yanayopaswa kufika kwenye nozeli, inayorusha dizeli ndani ya silinda, yanarudi ndani ya pampu, shinikizo linachelewa kupanda, nozeli inachelewa kufunguka, na mwako unaanza pistoni ikiwa imekwisha kupita mahali pake pazuri. Hivyo injini inapoteza nguvu kwa kupata mafuta machache na kwa kuyapata kwa kuchelewa.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huongeza ubaya huu pande zote mbili, kwa kuwa ni nyepesi tangu ikiwa baridi, na kwa kuwa hailainishi plunja inavyotakiwa, hivyo huitafuna elementi upesi. Wenye kumbukumbu watakumbuka jinsi uchakachuaji ulivyokithiri hata EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuwe hakuna faida ya kuyachanganya. Malori mengi ya umri wa lako yalipita katika miaka hiyo, na pampu zake hazikubadilishwa elementi tangu wakati huo.

Utauliza, hata tukijumlisha hewa na dizeli tukapata upungufu wa asilimia 8 au 10, mbona kushuka kutoka gia ya tatu hadi ya pili ni anguko kubwa kuliko hapo? Sababu ni kwamba gia hazishuki kwa asilimia moja moja. Mlimani lori hupanda kwenye ukingo: alfajiri gia ya tatu inatosha kwa nguvu ndogo tu iliyobaki akiba, na mchana inakosekana nguvu ndogo tu. Ikishakosekana, mizunguko ya injini huanza kushuka, ikishuka chini ya pale injini inapovuta vizuri nguvu hupungua zaidi, na huna la kufanya ila kuingiza ya pili, ambayo kwa malori ya aina hii hukupunguzia mwendo kwa theluthi moja au zaidi. Upungufu mdogo uliogeuzwa na gia boksi kuwa aibu kubwa mbele ya mabasi. Ndiyo maana tajiri hakuamini: anasikia kama unamwambia injini imepoteza theluthi ya nguvu zake.

Sasa kuhusu Mbeya. Hewa haitawaliwi na joto peke yake, hutawaliwa pia na uzito wa anga lililo juu yake. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la anga ni pungufu kwa takriban asilimia 18 likilinganishwa na la Dar es Salaam. Ukilitia baridi la nyuzi 10 katika hesabu, mita moja ya ujazo ya hewa ya Uyole alfajiri ina uzito wa kilo 1.02 hivi, wakati ya Dar es Salaam katika joto la nyuzi 32 ina kilo 1.15. Baridi imerudisha sehemu ya kilichopotea, lakini haijaweza kulipa deni lote la mwinuko. Zile mita 8 za ujazo ambazo injini humeza kwa dakika, zilizokuwa na kilo 9.2 Pwani, huku juu zina kama kilo 8.1. Pampu yako, kwa kuwa haina kompyuta wala kifaa cha kupima mwinuko, haijui kama imepanda mlima. Inaendelea kumwaga dizeli kwa kipimo cha Pwani, hewa haitoshi kuiunguza, na isiyoungua inatokea kwenye ekzosi ikiwa moshi mweusi. Alfajiri ya Uyole ina dizeli baridi nzuri lakini hewa haba kuliko ya Pwani, na ndiyo maana moshi hutoka hata kwenye baridi. Usikubali fundi akuongezee mafuta kwenye pampu ili kutibu uchovu wa Mbeya, kwa maana utaongeza moshi na joto la ekzosi bila kuongeza nguvu ya maana.

Kabla hujampelekea tajiri habari ya elementi, ondoa kwanza washukiwa wengine wanaofanana nayo, kwa kuwa si kila kinachochoka mchana kinachoshwa na joto. Tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi likiziba kwa vumbi, tangi hujenga mvuto wa ndani kadiri dizeli inavyotumika, na lori huchoka baada ya saa kadhaa za kutembea. Alfajiri, baada ya kulala, hewa imekwisha kupenya na lori linaonekana limepona. Ni ugonjwa wa muda unaojifanya ugonjwa wa joto. Siku likichoka, simama mahali salama ufungue kifuniko: ukisikia mlio wa kuvuta, umempata mkosaji na matibabu yake ni sindano na dakika mbili. Klachi inayoteleza ikipata moto nayo hudanganya, ila hiyo utaijua kwa sababu mizunguko ya injini hupanda wakati mwendo unashuka. Breki zinazobana zikipata moto utazijua kwa kupeleka kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Angalia pia bomba la eakilina, yaani kisafisha hewa. Nimeona malori mengi ambayo bomba la kupandisha hewa juu ya kabini limepasuka au limeondolewa, na injini inavuta hewa ya nyuzi 60 kutoka ubavuni mwake yenyewe wakati nje kuna nyuzi 32. Hasara yake ni asilimia 8 ya hewa, kubwa kuliko ile ya alfajiri na mchana tuliyoihesabu, na gharama ya kuiondoa ni bomba na klipu mbili.

Baada ya hayo, fanya jaribio la haki. Chagua sehemu moja ya Kitonga, alama mbili za barabarani unazozifahamu, na kwa safari mbili zenye mzigo unaolingana upime kwa simu muda wa kutoka alama ya kwanza hadi ya pili, ukiandika na mizunguko ya injini kwenye geji. Ufanye mara moja alfajiri na mara moja mchana. Na safari ya tatu, mchana vilevile, jaza tangi dizeli kutoka kisima cha kituo kabla ya kupanda, kwa kuwa dizeli iliyoko ardhini huwa baridi kuliko ya tangi lako. Ikiwa tangi lililojazwa linakurudishia sehemu kubwa ya nguvu za alfajiri, tatizo halimo hewani, na pampu ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Dalili nyingine inayokwenda pamoja na elementi iliyolika ni injini kukataa kuwaka ikizimwa ikiwa ya moto na kuwaka bila shida ikipoa. Mafundi wa barabarani huijaribu kwa kufunika pampu kwa tambara lenye maji hadi ipoe, na jaribio hilo lina akili, lakini asije mtu akaimwagia pampu ya moto ndoo ya maji baridi: ganda la nje husinyaa kabla ya plunja ya ndani, na pengo la maikroni chache halina nafasi ya mzaha huo. Plunja hukwama na gharama inakuwa ya pampu nzima.

SWALI: Ndugu Fundi, nina lori la kubebea kokoto hapa Mwanza. Fundi wangu amenishauri niondoe temostati ili injini itembee baridi muda wote, akisema dizeli hupenda baridi na nitapata nguvu zaidi. Ameshaondoa kwa wateja wengi na hawajalalamika. Nikubali?

Mmiliki wa lori, Mwanza

JIBU: Usikubali. Fundi wako amechukua ukweli wa hewa na dizeli akaupaka kwenye maji ya injini, ambako haufai. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa na pistoni, na kuta za silinda zikiwa baridi hunyang'anya hewa hiyo sehemu ya joto lake. Dizeli huchelewa kuwaka, kisha huwaka yote kwa mkupuo, na ndiyo ile sauti ya kugonga unayoisikia asubuhi. Wapo madereva wanaoisikia sauti hiyo ikiwa kali na kudhani ni nguvu. Wakati huohuo oili bado nzito na inaibana injini, pistoni hazijatanuka kujaza nafasi zao, na dizeli isiyoungua inashuka kando ya ringi hadi kwenye karta, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili kuwa nyepesi. Chomoa kijiti cha oili cha lori lisilo na temostati uinuse. Mara nyingi itanuka dizeli.

Wateja hao hawajalalamika kwa sababu silinda haziliki kwa wiki mbili. Tena kuna injini ambazo temostati yake, ikifunguka, huziba njia fupi ya maji inayorudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiiondoa katika injini za namna hiyo, sehemu ya maji itaendelea kupita njia hiyo fupi daima, na siku ya mlima na mzigo injini itachemka, kinyume kabisa cha ulichokusudia. Nunua temostati yenye nyuzi zilizoandikwa kwenye ile ya asili, ambazo kwa malori mengi ni kati ya 76 na 88. Na kama sababu ya ushauri ule ilikuwa injini kupandisha joto, kaangalie rejeta, feni na mkanda wake, kwa kuwa temostati ilikuwa shahidi tu.

Lililo sahihi kwa injini baridi ni kuiamsha kwa upole. Haina haja ya kuunguruma bila kazi nusu saa, kwa sababu ikiwa haina mzigo hupata moto polepole sana. Ikishajaa upepo wa breki na geji ya oili ikatulia, ondoka kwa mguu mwepesi na usiikanyage hadi mwisho mpaka maji yafike nyuzi 70 hivi. Gia boksi, difu na matairi nayo hudai joto lao: oili ya difu iliyolala usiku kucha ni nzito kama asali, na tairi baridi huviringika kwa shida kuliko lenye joto, hivyo sehemu ya nguvu za asubuhi huliwa njiani kabla ya kufika barabarani.

SWALI: Fundi, salamu kutoka Mariakani. Trela ninaloendesha kati ya Mombasa na Malaba si la zamani. Lina tabo, intakula na kompyuta. Kwa mujibu wa jibu ulilompa mwenzetu ningetarajia lisijali joto, lakini kati ya Voi na Mtito Andei mchana linanguruma kama ndege na kupungua nguvu, ilhali usiku barabara hiyohiyo nalisikia jepesi. Je, pampu imechakaa?

Dereva wa trela, Mariakani

JIBU: Huenda pampu haihusiki kabisa. Kompyuta ya injini yako ina sensa za joto na huongeza muda wa kufungua nozeli pale dizeli inapokuwa nyepesi, kwa hiyo ule upungufu wa asilimia 3 tulioujadili hapo juu hufidiwa bila wewe kujua. Mngurumo ulioutaja ndio wa kuanzia. Hiyo ni feni. Katika malori makubwa feni huunganishwa na injini kwa klachi yake, nayo huachia inapokuwa hakuna joto na kushika joto linapozidi, na ikishika kikamilifu hula kilowati 20 au zaidi kutoka kwenye injini, nguvu zinazotosha kuendesha gari dogo la familia. Mzigo wa feni huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake, ndiyo maana ikizunguka nusu ya mwendo huwa haina uzito wa maana, na ikizunguka kamili huisikia kwenye mguu wako. Usiku feni imelala na kilowati hizo zote ziko kwenye magurudumu. Ikiwa inanguruma kwa dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi kisha ikanyamaza, usihangaike, kwa kuwa klachi nyingi za mafuta mazito hufanya hivyo zikiwa zimelala. Inayonguruma mchana kutwa hata tambarare, au iliyofungwa bolti na fundi ili isiachie kamwe, inakunywea dizeli.

Jambo la pili ni intakula. Tabo inapobana hewa hadi mara mbili ya shinikizo la anga, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 hutoka na nyuzi 120 hivi, na hewa ya namna hiyo ingeondoa sehemu kubwa ya faida ya tabo kama isingepozwa. Intakula huipoza kwa upepo wa nje, kwa hiyo haiwezi kuishusha chini ya joto la nje, na hapo ndipo mchana wa Voi unapoingia hesabuni hata kwa lori jipya. Vumbi jekundu la Tsavo likichanganyika na oili inayovuja hugeuka udongo kwenye mapezi yake, na intakula iliyozibwa hivyo hufanya kazi nusu. Ikae wazi uioshe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu nguvu kubwa hukunja mapezi na kuyaziba moja kwa moja. Kagua pia mipira ya kuunganisha. Iliyolainika kwa joto hupanuka na kuvujisha upepo wakati wa mzigo tu, na ikipoa husinyaa na kuonekana mizima.

Jambo la tatu ni kompyuta yenyewe kuamua. Joto la maji au la hewa inayoingia likivuka kiwango kilichowekwa, hupunguza dizeli kwa makusudi ili kulinda injini, na hufanya hivyo kidogo kidogo kiasi kwamba dereva huhisi uchovu kabla hajaona taa yoyote. Aidha, injini nyingi zenye mfumo wa kurudisha moshi wa ekzosi ndani ya silinda huuzuia mfumo huo injini inapokuwa bado baridi, kwa hiyo katika dakika za kwanza za safari huvuta hewa safi tupu na kuitikia mguu kwa wepesi ambao hupotea valvu ya moshi inapoanza kufunguka. Ukihisi wepesi huo asubuhi tu, na ukapotea baada ya kilomita chache bila kujali joto la nje, basi valvu hiyo ndiyo ya kuchunguzwa, hasa kama imejaa masizi na haifungi vizuri.

Usinunue kitu kabla ya kusoma kumbukumbu ya kompyuta kwa mashine. Mwombe fundi akuonyeshe joto la hewa baada ya intakula huku lori likiwa na mzigo mlimani, si likiwa limesimama gerejini: ikiwa nje kuna nyuzi 34 na hewa inaingia kwenye injini ikiwa na 55, intakula inafanya kazi yake, ikiwa inaingia na 85, hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujaigusa pampu.